MZIGO WA FRASILA MBILI: Wapagazi wa Bagamoyo walijengaje miili yao?

SEHEMU YA 1

Najua niliahidi wiki hii kuandika kuhusu chanjo za watoto. Chanjo zitakuja, naomba mnivumilie. Kuna jambo limenikaa kichwani na nisipolitoa sitapata usingizi.

Wiki mbili zilizopita alikuja kijana mmoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane, na mwenyewe kaniruhusu niandike. Tuseme ana miaka 23, ni dereva wa bodaboda hapa hapa Chalinze. Alikuja kwa sababu ya kichwa kuuma. Nikampima presha: 160 kwa 100. Nikarudia mkono wa pili, ile ile. Miaka 23! Ndipo nikamwangalia vizuri. Uso umejaa, umekuwa wa mviringo kama mwezi. Tumbo limetangulia mbele. Nyuma ya shingo ana kinundu cha mafuta. Halafu mikono na mapaja yamekonda utafikiri kaazima kwa mtu mwingine.

"Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa, sista."

Nikafunga mlango, nikamuuliza tena taratibu.

"Nilitaka mwili tu."

Kumbe jioni huwa anaenda kubeba vyuma na wenzake nyuma ya gereji. Wenzake wakajaa vifua, yeye akabaki vile vile. Mtu akamuuzia vidonge vya kujaza mwili, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, havina hata jina. Kavimeza miezi saba. Mwanzoni alifurahi, mashavu yalijaa, watu wakamwambia umenawiri.

Hapa lazima nieleze, maana wapo wengine wanaosoma hii na vidonge wanavyo mfukoni. Kuna stiroidi za namna mbili. Kuna zile za kujenga misuli, ambazo wanamichezo wanafungiwa wakikamatwa nazo, na zina madhara yake makubwa. Na kuna zile za hospitali, kama deksamethasoni na prednisoloni, tunazowapa wenye pumu kali, mzio na magonjwa mengine. Mara nyingi hizi za pili ndizo zinazouzwa kienyeji kama dawa ya kunenepa. Zinaongeza hamu ya kula, zinashikilia maji na chumvi, zinapeleka mafuta usoni na tumboni, zinapandisha sukari na presha. Misuli je? Zinaila. Yaani mtu ananunua dawa ya misuli halafu dawa inamla misuli.

Na ukishazitumia muda mrefu, usiziache ghafla eti kwa sababu umesoma posti ya nesi. Mwili wako unakuwa umezoea kuletewa homoni kutoka nje, umeacha kutengeneza ya kwake. Ukikata ghafla unaweza kuanguka na hata kufa. Njoo hospitali, daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Sasa kilichonikosesha usingizi ni hiki. Wakati namwandikia kadi, kijana akatoa simu akanionyesha picha. Picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: wapagazi na pembe za ndovu mabegani. Hakuna hata mmoja mwenye kitambi. Mabega yamechongeka, mgongo una mistari, ndama za miguu kama mawe.

"Hawa sista, walikuwa wanatumia nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi nimezaliwa Bagamoyo. Shuleni tulipelekwa kuangalia lile jengo la misafara, na ninachokumbuka ni jua lilivyokuwa kali na rafiki yangu kupoteza kandambili. Basi nimekuwa nikisoma usiku nikitoka zamu. Nitawaletea nilichokipata.

Itaendelea.

SEHEMU YA 2

Tuanze na uzito wenyewe. Frasila moja ilikuwa ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kilo 32 hivi. Ukitaka kujua ni nini, beba dumu la maji la lita 20 lililojaa, ongeza na jingine lililozidi nusu kidogo. Weka begani. Juu yake ongeza mkeka wako, chungu chako na chakula chako. Sasa anza kutembea kwenda Tabora.

Kwa njia zile, Bagamoyo mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Mpaka Ujiji ni kama 1,200. Wanavuka Ruvu, mto ambao Wazungu waliuandika Kingani, wanapita Kikoka, wanaingia Ukwere, yaani nchi hii hii tunayokaa sisi, halafu wanaishika njia ya Simbamwene ambayo leo ni Morogoro. Richard Burton na John Speke walitoka Kaole mwezi Juni 1857. Waliingia Kaze, Tabora ya leo, siku ya 134. Wao wakiwa juu ya punda au wamebebwa wakiumwa. Mzigo ulikuwa wa wengine.

Wapagazi mashuhuri kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Na hapa naomba nijibu swali la kaka mmoja aliyeniandikia kwa hasira: "Nesi, unasifia utumwa?" Hapana. Bagamoyo biashara ya watumwa ilikuwepo, na watu waliletwa pwani wamefungwa minyororo, wengine wakiwa wamebebeshwa pembe. Hilo silifichi. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa alikuwa mfanyakazi wa ujira. Alikubaliana malipo kabla ya safari, alijua thamani yake, na akidhulumiwa alitua mzigo chini. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu yao mwaka 2006, na hoja yake ni kwamba hawa walikuwa wataalamu wa kazi yao, wenye desturi na heshima zao. Ukisoma vitabu vya wasafiri wa Kizungu utakuta malalamiko kila baada ya kurasa chache: wapagazi wamegoma, wapagazi wanataka nyongeza, wapagazi hawaondoki mpaka walipwe posho. Mtumwa hana nafasi ya kugoma hivyo.

Turudi kwenye mwili. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni umri. Burton aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walikuwa tayari wanabeba kijino kidogo cha pembe begani, kama mazoezi. Wakikua kidogo, pembe inakua kidogo. Mpaka kijana anafika miaka ishirini, frasila mbili kwake ni kazi ya kawaida, na wale wenye nguvu zaidi ndio wanapewa pembe kubwa, ambazo nyingine zilipita kilo 40. Kubeba pembe kubwa ilikuwa heshima. Sishauri mtu ambebeshe mtoto mizigo, msije mkaninukuu vibaya. Ninachosema ni kwamba mabega yale unayoyaona kwenye picha yalichukua miaka kumi na tano kujengwa. Kijana wangu alitaka yatoke kwa miezi.

Kitu cha pili ni ratiba. Msafara uliondoka alfajiri, na jua likikaribia kichwani watu walishatua mizigo. Saa tano au sita za mwendo, basi. Mchana ni kupika, kulala kivulini, kutengeneza kambi. Na kulikuwa na siku za kupumzika njiani. Tena wengi wao walishuka pwani wakati wa kiangazi baada ya mavuno, masika ikikaribia wanarudi kwao kulima. Yaani mwaka wenyewe ulikuwa na wakati wa kubeba na wakati wa kuacha. Msuli haujengeki wakati unabeba. Unapobeba unauchosha, unapasuka vipande vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Unajengeka ukiwa umelala na umekula. Wale vijana wa nyuma ya gereji wanaobeba siku saba kwa wiki, kifua kile kile kila siku, wanabomoa nyumba kabla saruji haijakauka.

Kidogo niende pembeni. Mzigo wa nguo uliofungwa kwa safari uliitwa mtumba. Nguo zilikunjwa, zikabanwa, zikafungwa kwa kamba na vijiti ziwe ndefu kama gogo, zikae vizuri begani na zisimame zikiegemezwa kwenye mti. Leo ukienda kununua suruali ya mitumba unatamka neno la misafara. Na mtumba maarufu kuliko yote ulifika Bagamoyo Februari 1874, na ndani yake haikuwa nguo. Ulikuwa ni mwili wa David Livingstone. Chuma, Susi na wenzao waliubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, kwa miezi, na njiani walilazimika kuufunga ufanane na mtumba wa nguo ili wapite.

Kesho tunaingia jikoni.

SEHEMU YA 3

Posho. Leo ukisema posho mtu anawaza semina, bahasha na kusaini karatasi. Ukienda Uganda posho ni ugali wenyewe. Kote huko neno limetoka barabarani: posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha siku, na kipimo chake kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Kibaba ni kama ratili moja na nusu, tuseme gramu 700. Mara nyingine walipewa nafaka yenyewe, mara nyingine nguo au shanga za kununulia chakula vijijini.

Nikachukua kalamu. Nafaka kavu ina kama kalori 350 kwa kila gramu 100. Kibaba kimoja basi ni kalori 2,450 hivi. Mwanaume wa kilo 60 anayetembea saa tano na kilo 32 begani, halafu akakata kuni na kuchota maji kambini, kwa makadirio yangu anatumia karibu 4,000. Ona pengo hilo. Ndiyo maana hakuna kitambi kwenye ile picha. Mafuta ni akiba, na mwili ulikuwa unaichukua akiba yote.

Lakini angalia upande wa pili. Kwa nini misuli haikuisha? Nafaka yao haikuwa sembe nyeupe. Ilikuwa mtama, uwele, mahindi yaliyotwangwa, maganda na kiini vyote ndani. Gramu 700 za mtama zina protini gramu 60 mpaka 70. Kwa mtu wa kilo 60 hicho si kidogo! Na hawakuishia hapo. Waliwinda, waligawana nyama ya mnyama aliyeangushwa, walinunua kunde, karanga, kuku, asali. Nguo ya ujira ilikatwa ikageuka mboga. Kwenye misafara walikuwepo wanawake pia, wake wa wapagazi na wengine waliotembea kwa kazi zao. Walibeba vyungu na vyakula, walipika, na wengine walibeba mizigo kama wanaume. Rockel amewaandika na hao. Dada zangu mnaoniambia "mimi nikibeba chuma nitakuwa kama mwanaume", wale walibeba kutoka Unyamwezi hadi baharini na bado waliolewa na wakazaa. Mwanamke homoni ya kumjaza kifua kama Arnold Schwarzenegger anayo kidogo sana. Utakachopata ni paja gumu, mifupa imara na mgongo usiouma.

Nisije nikawachorea pepo. Njia ile iliua. Ndui ilisambaa na misafara. Kuhara kuliua. Mvua zikikosekana Ugogo na vijiji vikikosa chakula cha kuuza, kibaba kilipungua kuwa nusu, na mgonjwa aliyeshindwa kutembea aliachwa. Hao wa kwenye picha ni waliobaki. Picha haina wale walioanguka.

Ila jambo moja nimejifunza kwao, na mimi nesi mwenye cheti sikuwa nimelitilia maanani hivi: mpagazi aligombania posho kuliko kitu chochote. Angeweza kuvumilia jua, angeweza kuvumilia kirangozi mkali, lakini kibaba kikipungua alitua mzigo. Alijua kwa mwili wake kile sisi tunachofundishwa darasani. Mzigo bila chakula haujengi, unakula.

Itaendelea. Sehemu inayofuata ni fupi na inauma.

SEHEMU YA 4

Reli iliwatoa wapagazi barabarani. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, 1912 Tabora, 1914 Kigoma. Makao makuu yalishahamia Dar es Salaam tangu 1891. Bagamoyo ikapoa.

Halafu vita ya 1914. Magari machache, barabara hakuna, mbung'o wanaua farasi na ng'ombe. Pande zote mbili, Waingereza na Wajerumani, zikarudi kwenye bega la Mwafrika. Safari hii haikuwa makubaliano tena. Watu walikusanywa vijijini. Bagamoyo yenyewe ilitekwa na Waingereza Agosti 1916. Jina la Kariakoo, pale mnapokwenda kununua vitu vya jumla, limetokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo.

Wabeba mizigo wa upande wa Waingereza peke yao waliofariki na kuandikwa ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanakubaliana kwamba wasioandikwa ni wengi. Sasa nisikilizeni mimi kama nesi: wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Geoffrey Hodges, aliyeandika historia yao, anaonyesha jinsi chakula kilivyohusika: unga wa mahindi kwa watu ambao wengine hawakuuzoea, wakiwa wamechoka, hawana vyombo vya kutosha, hawana muda, wanakula ugali usioiva. Tumbo linaharibika, mwili unaanza kujila. Chakula kiliporekebishwa baadaye katika vita na matibabu kuongezwa, hali ikawa nafuu, lakini kwa makumi elfu ilikuwa imechelewa.

Bega ni lile lile. Mzigo haukuzidi ule wa babu zao. Kilichoondoka ni kibaba kamili, chungu, kivuli cha mchana na haki ya kusema leo sibebi.

Mimi nikienda Kariakoo siku hizi siwezi kupita pale bila kufikiria matumbo yale.

SEHEMU YA 5

Samahani hii imechelewa, nilikuwa na zamu za usiku mfululizo.

Tuje kwetu njia panda. Chalinze mnaifahamu: barabara ya Dar na Morogoro inakutana na ya kwenda Segera, Tanga na Moshi. Mizigo inayopita hapa kwa usiku mmoja ingehitaji misafara ya miaka. Na hakuna bega linaloguswa. Dereva kakaa. Abiria wamekaa. Bodaboda kakaa. Wanaokimbia ni wale wanaouza mayai ya kuchemsha, korosho na nanasi za Kiwangwa, ndoo kichwani, mkono juu dirishani. Siku moja simama dakika kumi uangalie nani ana kitambi na nani hana.

Jambo hili lilishachunguzwa, na kwenye mabasi hasa. Daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, mwaka 1953 alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa zamu nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi mamia kwa siku. Kampuni moja, mtaa mmoja, maisha yanayofanana. Madereva waliugua moyo zaidi ya makonda. Baadaye yeye na wenzake wakaenda kuangalia hata vipimo vya sare za kazi. Suruali za madereva zilikuwa na kiuno kikubwa zaidi. Kitambi kilikuwa kimeandikwa kwenye daftari la fundi nguo! Ila konda mwenye kiuno kikubwa bado alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenye kiuno kama chake. Hilo wanaojipima kwa mizani tu walisome mara mbili.

Sasa mama yangu. Yeye kaniruhusu pia, ila kasema nisiandike umri wake. Mama amechota maji lambo kwa zaidi ya miaka thelathini. Ndoo ya lita 20 kichwani, mara nne kwa siku, na mtoto mgongoni. Wenyeji wa huku wanajua shida ya maji ya Chalinze kabla ya mradi wa kutoka Wami. Bomba lilipofika karibu na nyumba tulishukuru Mungu, mama alilia. Mimi sitamani hata siku moja arudi lambo. Lakini hakuna aliyetuambia, hata mimi nesi sikumwambia, kwamba ile ndoo ilikuwa ndiyo inashikilia mapaja yake na sukari yake. Ndoo ikaondoka, chakula kikabaki kile kile: sahani ya ugali ya mtu anayebeba kilo themanini kwa siku, na chai ya vijiko vinne vya sukari. Baada ya miaka michache akawa hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Kiuno kimeongezeka, mapaja yameisha, sukari imepanda.

Nikaona ni uzee. Kumbe sivyo, au si uzee peke yake. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston waliwabebesha uzito wazee kumi wa nyumba ya kulelea wazee, wenye miaka 86 mpaka 96. Wiki nane tu. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka tisini!

Na mnajua ile hesabu ya vijana wa vyuma, "seti tatu za kumi", ilitoka wapi? Hospitali. Thomas DeLorme, daktari kijana wa jeshi la Marekani, alikuwa na wodi imejaa askari wenye magoti na mapaja yaliyoharibika vitani. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi, mara nyingi nyingi, na hawaponi. Yeye mwenyewe utotoni aliugua homa ya baridi yabisi akajirudisha kwa kubeba vyuma. Akawafungia askari uzito mguuni, uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara kumi na si zaidi, na kila wiki anaongeza kidogo. Aliandika matokeo mwaka 1945. Miaka mitatu baadaye akapunguza, akasema seti tatu za kumi zinatosha.

Kila wiki unaongeza kidogo. Nilipoisoma nikakumbuka kijino cha pembe kwenye bega la mtoto wa Unyamwezi.

Mama nimemwanzishia hivi: anakaa kwenye kiti, mikono kifuani, anainuka, anakaa. Kumi, anapumzika, kumi, anapumzika, kumi. Siku tatu kwa wiki. Akizoea anashika chupa za maji. Alianza kwa kuinuka mara nne akiwa ananilaumu mimi na elimu yangu.

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Wengi mmeniuliza tule nini na tubebe nini. Nitajibu kwa haraka maana kesho naingia asubuhi.

Kwanza ondoeni kichwani kwamba nyama uzembe inageuka kuwa msuli. Mafuta ni kitu kimoja na msuli ni kitu kingine. Mafuta unayatoa kwa kula chini kidogo ya unachotumia. Msuli unaujenga kwa kubeba na kula protini. Ukifunga kula kabisa bila kubeba kitu utapungua kilo kweli, lakini sehemu ya kilo hizo ni mapaja yako. Nusu kilo kwa wiki inatosha, msishindane.

Protini: gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwa anayebeba. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kwanza. Mtu wa kilo 60 anahitaji 72 mpaka 96. Hauhitaji kopo la unga kutoka nje. Mayai mawili ni 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni 15. Dagaa wakavu kiganja kimoja ni 15 na zaidi. Nusu lita ya maziwa, na hapa kwetu wafugaji hawakosekani, ni 16. Ugali wa dona wa unga gramu 300 una 25 hivi. Jumlisheni wenyewe. Kinachotuponza ni sahani yenyewe: mlima wa sembe, mchuzi, na dagaa watano wa kuhesabu. Halafu soda. Chupa moja ya soda ina sukari kama vijiko tisa vya chai, na mpagazi wa frasila mbili hakuipata. Wewe umeipata ukiwa umekaa kwenye bodaboda.

Vyuma: kopo la rangi lililojazwa zege na bomba katikati linafanya kazi sawasawa na jimu ya Masaki. Siku tatu kwa wiki. Miguu, mgongo, kifua, vyote, msikazanie mkono tu kwa ajili ya picha. Kama una presha usiyoijua, pima kwanza, na usibane pumzi ukinyanyua.

Yule kijana bado yuko nasi. Daktari anampunguzia dawa hatua kwa hatua. Kuna wiki alikuwa mchovu mpaka akataka kuacha kuja, tukamfuata kwa simu. Presha jana ilikuwa 138 kwa 88. Uso umeanza kushuka, na anasema ndiyo inamuuma kuliko vyote, kwa sababu kijiweni wanamuuliza mbona umekonda. Mapaja bado. Nimemwambia yatachukua muda mrefu kuliko alivyotumia kuyaharibu, akanyamaza.

Vyuma daktari kamruhusu vyepesi tu kwa sasa. Juzi akaniletea picha nyingine kwenye simu. Nikadhani ni wapagazi tena. Ni kopo la zege, dogo, limeandikwa kwa chaki ubavuni: nusu frasila.

"Nimeanza na kijino, sista."

Mama naye ameshafika kumi na mbili bila kushika ukuta. Sasa anataka kigoda chake kirudishwe jikoni, anasema kiti kinamfanya aonekane mgonjwa.

Jumatatu tunarudi kwenye chanjo kama nilivyoahidi. Wenye watoto wa miezi tisa njooni na kadi.